Wasomaji Wanauliza: Dhahabu Inayogeuka Nyekundu, na Maji Yetu ya Kaskazini

Katika toleo lililopita niliandika aya mbili tu kuhusu chembe nano za dhahabu. Nilisema kwamba dhahabu ikigawanywa hadi chembe zake zikawa ndogo kuliko virusi vingi, huacha umanjano wake na kuwa nyekundu, na kwamba chembe hizo hutumika kubaini sumu katika maji na kubadili baadhi ya uchafu wa kikemikali. Aya hizo zimeniletea barua nyingi kutoka Arusha na Moshi, nyingine zenye hamu ya kujua, nyingine zenye matumaini makubwa kuliko yale niliyoyaandika. Nimechagua tano. Mbili kati yake nimezifupisha, kwa radhi ya waandishi.

Swali. Mhariri, mimi ni mwalimu wa kemia wa kidato cha tano na cha sita katika shule moja ya Moshi. Ningependa wanafunzi wangu watengeneze chembe hizo kwa mikono yao. Je, maabara ya shule inaweza? Gharama yake ikoje? Na nitawaelezaje kwamba dhahabu ni nyekundu, ilhali pete ya mama zao ni ya manjano?

Jibu. Mwalimu, inawezekana, na nadhani ni mojawapo ya majaribio machache ya nanoteknolojia ambayo maabara ya kawaida inayamudu bila mashine yoyote ya kuagiza nje. Njia unayoitaka ni ile iliyoelezwa na John Turkevich na wenzake mwaka 1951, ambayo G. Frens aliiboresha mwaka 1973 kwa kuonyesha kwamba ukubwa wa chembe unaweza kupangwa kwa kubadili kiasi cha kemikali moja tu. Vitu vinavyohitajika ni viwili pamoja na maji: asidi ya kloroauriki, ambayo ndiyo dhahabu iliyokwisha kuyeyushwa, na sodiamu sitreti, ambayo ni chumvi ya asidi ileile inayofanya limau kuwa kali.

Asidi ya kloroauriki huuzwa katika vichupa vya gramu 1. Usijaribu kupima miligramu 5, ambazo ndizo jaribio moja linazihitaji, kwa mizani ya shule, kwani utapima pumzi yako mwenyewe. Mimina gramu yote katika mililita 100 za maji yaliyokenekwa, uhifadhi katika chupa ya kahawia mbali na mwanga, na hapo utakuwa na akiba ya asilimia 1. Kwa kila jaribio chukua nusu mililita ya akiba hiyo, ongeza maji yaliyokenekwa hadi ifike mililita 50, kisha chemsha huku ukikoroga. Yakichemka vizuri, mimina kwa mkupuo mililita 1 ya sodiamu sitreti ya asilimia 1. Umanjano hafifu utafifia, kisha kimiminika kitapita kwenye kijivu chenye ubuluu, na ndani ya dakika chache kitatulia katika wekundu wa juisi ya rozela. Chembe utakazopata zitakuwa na kipenyo cha nanometa 16 hivi (nanometa moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita). Ukitia nusu mililita ya sitreti badala ya moja, utapata chembe za nanometa 40 hivi, kwa sababu sitreti ikiwa chache viini vinavyoanza ni vichache, na kila kimoja hujikusanyia dhahabu nyingi zaidi. Kuhusu gharama, piga hesabu hivi: gramu ile moja inatosha majaribio 200, yaani lita 10 nzima. Ukigawana kichupa kimoja na shule mbili za jirani, mzigo hautakuwa mkubwa.

Yako mambo matatu ambayo vitabu vya ng'ambo havikuambii. La kwanza ni kwamba maji yenu hayachemki kwa nyuzi 100. Moshi huchemka karibu na nyuzi 97, na wenzako wa Arusha, walio kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, hupata nyuzi 95. Jaribio litafanikiwa bado, ila litakwenda polepole kidogo, na ni nafasi nzuri ya kuwauliza wanafunzi kwa nini. La pili ni maji yenyewe. Maji ya bomba yana chumvi za kutosha kuharibu kila kitu. Ikiwa shule haina mtambo wa kukeneka, nunua maji ya betri kwa fundi wa magari, lakini soma kibandiko kwa makini ili usiletewe asidi ya betri, kwani chupa zake hufanana. La tatu ni kijiko. Usichote asidi ya kloroauriki kwa kijiko cha chuma, maana dhahabu itaacha asidi na kugandamana na chuma kabla hujaanza somo. Tumia kijiko cha plastiki, na vaa glavu, kwa kuwa asidi hii huunguza na kuacha madoa ya zambarau kwenye vidole, ambayo hayatoki kwa sabuni.

Haya ya maji sikuyasoma popote. Nilipokuwa mwanafunzi niliosha bika yangu vizuri kabisa, nikaisuuza kwa mara ya mwisho kwa maji ya bomba, na mchuzi wangu ukatoka wa kijivu kama maji ya kuoshea sufuria. Msimamizi hakunigombeza. Alinipa bika nyingine na kuniambia nisuuze mara tatu kwa maji yaliyokenekwa, nihesabu kwa sauti.

Sasa wekundu. Ndani ya dhahabu zimo elektroni zilizo huru kutembea. Katika pete huwa ni bahari kubwa isiyo na mwisho wa karibu, lakini katika chembe ya nanometa 16, yenye atomi zipatazo laki moja na ushei tu, elektroni hizo zimefungiwa kama maji ndani ya kikombe. Mwanga ukipita, huzitikisa zote kwa pamoja, na kama vile maji ya kikombe yana mwendo mmoja wa kuyumba yanaoupenda, elektroni za chembe hizi hupenda mwendo wa mwanga wa kijani, wenye urefu wa wimbi wa nanometa 520 hivi. Kijani humezwa, na kinachobaki kufika machoni mwetu ni nyekundu. Gustav Mie ndiye aliyeandika hesabu za jambo hili mwaka 1908, lakini Michael Faraday alikuwa amekwisha kulitambua kwa macho na kwa akili mwaka 1857, aliposema kwamba wekundu ule si rangi ya kemikali mpya bali ni dhahabu yenyewe iliyogawanyika mno. Chupa alizotengeneza zimehifadhiwa London hadi leo.

Mkishapata wekundu wenu, gawanyeni katika testi tyubu tatu. Ya kwanza iacheni kama ilivyo. Katika ya pili tieni sukari kidogo. Katika ya tatu tieni punje za chumvi ya mezani, kisha mtulie mtazame. Ya sukari haitabadilika, ila ya chumvi itapita kwenye zambarau hadi buluu mbele ya macho yenu, na mkiiacha hadi kesho yake mtakuta unga mweusi umetua chini na maji yamebaki meupe. Sitreti huzivika chembe chaji hasi, na chaji hizo huzifanya zisukumane. Chumvi huzifunika chaji hizo, chembe zikasogeleana na kushikana, na elektroni za chembe moja zikaanza kuyumba pamoja na za jirani yake. Mwendo unaopendwa hushuka kutoka kijani hadi rangi ya machungwa na nyekundu, na jicho hubakiwa na buluu. Karibu kila kitambuzi cha rangi kilichotengenezwa kwa chembe hizi kimejengwa juu ya tukio hilo: chembe zikiwa mbalimbali ni nyekundu, zikishikana ni buluu. Kazi ya mkemia ni kuzivika vazi ambalo litaziacha zishikane zinapokutana na kitu kimoja tu anachokitafuta.

Swali. Mimi ni sonara mjini Arusha, kazi niliyorithi kwa baba. Naona wanasayansi wananunua kwa bei kubwa dhahabu iliyoyeyushwa. Vumbi na vipande vya karakana yangu je, siwezi kuviyeyusha mwenyewe nikawauzia shule?

Jibu. Bwana Sonara, ujuzi wa kuyeyusha unao, lakini nakuomba usiwauzie. Dhahabu huyeyuka katika mchanganyiko wa sehemu tatu za asidi ya haidrokloriki na moja ya asidi ya naitriki, ambao wakemia wa kale waliuita maji ya kifalme, nao hutoa hewa ya klorini na moshi wa kahawia unaoharibu mapafu. Hata ukiwa na dohani nzuri, dhahabu ya karati 18 ina robo nzima ya metali nyingine. Fedha itaganda kama unga mweupe, sawa, hiyo utaichuja, lakini shaba itabaki ndani ya kimiminika, na chembe za mwalimu zitakazotoka humo hazitatabirika. Kitu kinachouzwa ghali katika kile kichupa ni usafi wake kuliko dhahabu yenyewe.

Swali. Sisi ni kikundi cha akina mama watengeneza batiki, Arusha. Maji yetu ya rangi huishia mtaroni na mtaro huishia mtoni, na majirani wameanza kulalamika, na wana haki. Kijana wetu aliye chuoni ametuonyesha video ambamo maji ya buluu yanatiwa matone ya dhahabu na mara yanakuwa meupe kama ya kunywa. Ni kweli? Na kama ni kweli, tunaipata wapi?

Jibu. Mama zangu, shikamooni. Video hiyo ni ya kweli, na pamoja na ukweli wake inaweza kuwapotosha. Naomba mnivumilie nieleze kwa kirefu, maana hapa ndipo watu wengi, wakiwamo baadhi ya waandishi wa tafiti, huchanganya mambo mawili: rangi kupotea, na maji kusafika.

Nianze na sifa ya dhahabu, ambayo ni ya haki. Kwa muda mrefu wakemia waliiona dhahabu kuwa metali mvivu isiyochochea chochote. Mwaka 1987 Masatake Haruta wa Japani alionyesha kwamba chembe ndogo sana za dhahabu zilizopandwa juu ya oksidi za metali nyingine huweza kuunguza monoksidi ya kaboni, ile hewa ya jiko la mkaa inayoua watu usingizini, hata kwenye baridi iliyo chini ya nyuzi 0. Sababu mojawapo ni eneo la uso. Gramu 1 ya dhahabu ikiwa kipande kimoja cha mchemraba ina uso usiofika sentimita 1 ya mraba, lakini gramu hiyohiyo ikiwa chembe za nanometa 16 ina uso wa mita za mraba 19, karibu sawa na sakafu ya chumba cha mita 4 kwa 5. Uso ndiko kazi inakofanyikia. Sababu nyingine ni kwamba atomi zilizoko pembeni mwa chembe ndogo zina mikono mitupu, nazo hudaka molekuli zinazopita.

Jaribio ambalo maabara nyingi hulitumia kuonyesha uwezo huu hutumia naitrofenoli, kemikali ya manjano ambayo pia hubaki pale viuatilifu fulani vya zamani vinapooza. Unaichanganya na sodiamu borohaidraidi, na hakuna linalotokea, unaweza kwenda kula na kurudi ukaikuta vilevile. Unatia tone la chembe za dhahabu, na ndani ya dakika chache umanjano umekwisha. Dhahabu haikuliwa. Imepokea elektroni kutoka kwa borohaidraidi na kuzikabidhi kwa naitrofenoli, kama dalali asiyebaki na mali ya mtu. Lakini ulizeni: naitrofenoli imekwenda wapi? Haikwenda popote. Imekuwa aminofenoli, molekuli isiyo na rangi, yenye umbo lilelile la pete ya kaboni sita, ambayo viwandani ni malighafi ya parasetamoli na ambayo mtoni ni sumu kwa samaki. Maji ni meupe, na mzigo wa kemikali uko palepale.

Ile buluu ya video yenu, kwa jinsi mlivyoieleza, yaelekea ni methilini buluu, na hiyo ina kisa ambacho nyinyi mnakijua kuliko profesa. Mnapotayarisha zile rangi zinazoyeyushwa kwa kostiki soda na haidrosalfaiti, si mnaona rangi ndani ya ndoo inakuwa nyingine kabisa, na kitambaa kikitoka kwenye ndoo kina rangi msiyoitarajia, kisha mkikitandaza hewani rangi yenyewe inarudi polepole mbele ya macho yenu? Haidrosalfaiti imeipa rangi elektroni ikaificha, na oksijeni ya hewa imezichukua elektroni hizo na kuirudisha. Methilini buluu nayo ndivyo ilivyo. Borohaidraidi pamoja na dhahabu huipa elektroni, inakuwa nyeupe, mpiga video anazima kamera. Angeiacha chupa wazi mpaka borohaidraidi ikaisha, kisha akaitikisa, buluu ingerudi. Sisemi kwamba kila rangi hurudi, kwa maana zipo ambazo kiungo chake hukatika moja kwa moja, hasa zile za jamii ya azo, lakini vipande vinavyobaki baada ya kukatika vinaweza kuwa vibaya kuliko rangi yenyewe. Anayetaka kujua kama maji yamesafika hapimi weupe wake. Hupima kaboni ya kikaboni, yaani ile iliyomo katika molekuli za rangi na masalia yake, iliyobaki ndani yake.

Kuvunja kwa kweli, hadi molekuli ikaishia kuwa hewa ya ukaa na maji, kunahitaji nguvu nyingine, na hapa ndipo jua la Arusha linapoingia. Titani dayoksaidi, ule unga mweupe uliomo katika rangi ya ukutani, ukipigwa na mionzi ya urujuanimno ndani ya maji huzalisha vipande vikali vya molekuli vinavyong'ata karibu kila kitu cha kikaboni. Akira Fujishima na Kenichi Honda walifungua mlango huo mwaka 1972. Tatizo ni kwamba urujuanimno ni kama asilimia 5 tu ya mwanga wa jua, na sehemu kubwa ya mwanga inapita bure. Dhahabu ikipandwa juu ya titani husaidia kwa namna mbili: humeza mwanga unaoonekana na kusukuma elektroni kuingia kwenye titani, na huzishika elektroni zilizokwisha kuzalishwa zisirudi haraka zilikotoka. Hii ni kazi ya kupendeza, na inafanya kazi. Inafanya kazi kwenye bika la maji safi yenye rangi moja. Maji yenu yana kostiki, chumvi, nta, wanga na rangi nne, ni meusi kiasi kwamba jua haliingii zaidi ya unene wa kidole, na dhahabu ikimwagika nayo mtaroni mtakuwa mmemwaga fedha ya kikundi. Kwa hiyo, mama zangu, hapana. Msinunue dhahabu.

Fanyeni hivi. Rangi zenu za kostiki zina sifa moja inayowafaa: zikirudiwa na hewa hukataa kuyeyuka, zikawa chembechembe. Basi msimwage maji yakiwa ya moto kutoka kwenye ndoo. Yawekeni kwenye pipa pana, yakorogeni mara kwa mara kwa siku mbili ili hewa iingie, kisha punguzeni ukali wa kostiki kwa siki au asidi hafifu huku mkipima kwa karatasi ya litimasi, tieni shabu iliyosagwa, korogeni taratibu, muache usiku kucha. Asubuhi mtakuta tope chini na maji mepesi juu. Maji hayo bado si ya kunywa wala ya kumwagilia mchicha, lakini ni tofauti kabisa na mliyokuwa mkimwaga, na tope likikauka huzikwa mahali pasipo na kisima. Vaeni glavu na miwani wakati wote huo. Kostiki haina huruma kwa jicho.

Swali. Ndugu mwandishi, nalima nyanya na hoho upande wa Meru, na nauza Moshi na Arusha. Wateja wa hoteli wananiuliza kama mboga zangu zina mabaki ya dawa. Je, kuna kipimo cha dhahabu nitakachochovya nikajua palepale shambani?

Jibu. Ndugu mkulima, kipimo cha dhahabu umekwisha kukitumia, bila shaka, ila si kwa nyanya. Ule mstari mwekundu unaojitokeza kwenye kipimo cha haraka cha malaria pale zahanati, na kwenye kipimo cha mimba, katika vingi vya vipimo hivyo ni chembe nano za dhahabu zilizovikwa kingamwili, yaani protini zinazonasa kitu kimoja maalumu. Damu hutambaa kwenye utepe, protini ya kimelea hunasa chembe, na chembe hunaswa kwenye mstari mpaka zikawa nyingi za kutosha kuonekana. Dhahabu inapendwa hapo kwa sababu chembe moja humeza mwanga zaidi ya mara elfu moja kuliko molekuli moja ya rangi ya kawaida, na kwa kuwa haififii hata kipimo kikikaa kabatini.

Kwa viuatilifu mambo ni magumu zaidi. Njia inayojulikana vizuri hutumia kimeng'enya (protini inayoharakisha kazi ya kikemikali mwilini) kiitwacho asetilikolinesterasi, kilekile ambacho viuatilifu vya jamii ya oganofosfeti na kabameti hukizima katika mishipa ya fahamu ya mdudu, na ya mtu pia. Kimeng'enya kikiwa hai hukata kemikali fulani na kuachia kipande chenye salfa, salfa hung'ang'ania dhahabu, chembe hushikana, na kipimo huwa buluu. Kukiwa na kiuatilifu, kimeng'enya huzimwa, hakuna kinachokatwa, na kipimo hubaki chekundu. Angalia basi: hapa nyekundu ndiyo hatari na buluu ndiyo salama, kinyume na anavyotarajia mtu yeyote, na kipimo kilichoharibika kwa joto la gari, kimeng'enya chake kikiwa kimekufa, nacho kitabaki chekundu na kukuambia kwamba nyanya zako ni sumu.

Zaidi ya hayo, kipimo hicho hakioni kabisa mrututu na dawa nyingine za shaba za kuzuia ukungu, wala jamii ya pareto na ndugu zake wa viwandani, na hakitakutajia jina la dawa wala kukuambia kama kiasi kilichopo kimevuka kiwango kinachoruhusiwa. Maji ya visima vya upande wenu, yaliyopita kwenye miamba ya volkano, yana chumvi na magadi mengi, nayo yanaweza kuzishikanisha chembe zisizovikwa vizuri hata dawa ikiwapo, kipimo kikawa buluu na kukudanganya kwamba nyanya ni salama. Kipimo chochote utakachouziwa kijaribu kwanza kwa maji yako matupu na kwa nyanya ambayo unajua haikupigwa dawa. Kama kitabaki chekundu hapo, rudisha bidhaa. Hoteli ikitaka karatasi yenye namba, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, yenye makao yake makuu hapohapo Arusha, ndiyo ya kuiendea. Kwa bei ya chini kuliko kipimo chochote, weka daftari la kila bomba unalopiga: jina la dawa, tarehe, kiasi, na siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye kibandiko kabla ya kuchuma. Mnunuzi makini huliheshimu daftari hilo.

Swali. Mwanangu, mimi ni bibi wa wajukuu sita, naishi Maji ya Chai. Meno yetu unayajua, yana madoa ya kahawia kwa floridi iliyomo katika maji yetu. Kama hiyo dhahabu inavunja uchafu wa maji, kwa nini isivunje na hii floridi?

Jibu. Shikamoo bibi. Floridi haivunjiki, kwa dhahabu wala kwa kitu kingine. Rangi ya batiki na dawa ya nyanya ni molekuli zilizounganishwa kwa viungo, na kiungo hukatika. Floridi ni elementi moja peke yake ndani ya maji, haina kiungo cha kukata, kwa hiyo njia iliyobaki ni kuikamata na kuitoa. Hata kuchemsha hakusaidii. Kunaongeza, kwa kuwa maji hupungua na floridi hubaki.

Kinachoikamata vizuri, na ambacho kimefanyiwa kazi kwa miaka mingi jirani yako kabisa pale Ngurdoto, ni mkaa wa mifupa ya ng'ombe iliyochomwa kwa namna maalumu, ambao kalsiamu fosfeti yake hubadilishana na floridi. Nanoteknolojia nayo haikukusahau: Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela, Tengeru, alishinda mwaka 2015 tuzo ya Afrika ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza kwa chujio linalounganisha mchanga na vitu vya nano, na mtu anaweza kuomba ushauri kwenye taasisi hiyo. Mkaa wa mifupa huchoka ukishajaa, na ladha ya maji haitakuambia, hivyo ni lazima maji yanayotoka yapimwe kila baada ya muda. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita.

Wajukuu walio chini ya miaka minane ndio wa kutangulizwa, maana meno yao ya ukubwani yanajengwa sasa chini ya ufizi. Wawekee maji ya mvua ya kunywa na ya uji, yakiwa yamekingwa kwenye bati safi baada ya mvua ya kwanza kuosha vumbi. Na bibi, yale magadi unayotia kwenye makande ili maharage yaive haraka yana floridi nyingi mno, hata kama maji ya sufuria ni ya mvua. Loweka maharage usiku kucha, mwaga maji ya kulowekea, upike bila magadi, hata kama kuni zitaliwa zaidi kidogo.